Alama ya Chaki Mlangoni

Kwanza alidhani ni panya. Skwi, skwi, skwi. Kimya. Kisha tena, skwi, kama kitu kilicholowa kinachosugua mbao. Alfajiri ilikuwa bado, giza limejaa chumba mpaka kwenye kona, na mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Chanjo akabaki amelala anasikiliza, maana panya hapumziki kwa vipimo namna ile. Anayepumzika hivyo ni mtu anayeogopa kusikika.

Akajifunga shuka, akatoka ukumbini kwa ncha za vidole. Nyumba ilikuwa na ukumbi mmoja mwembamba kama koo, vyumba viwili huku na viwili kule, na chumba cha mama mkwe kilikuwa cha mwisho, ubavuni mwa mlango wa mbele. Hakuna aliyetoka wala kuingia bila kupita kwenye masikio ya bibi yule. Mama Chanjo akabana pumzi, akapita. Miaka kumi na mitano alikuwa akipita hapo hivyo hivyo.

Mlango wa mbele ulikuwa umerudishwa tu. Nje yake, binti yake amechuchumaa, tochi ya simu ameilaza chini, kitambaa cha deki mkononi. Walimwita Kidoti kwa sababu ya doa jeusi alilozaliwa nalo juu ya mdomo, na wakati huo mdomo wenyewe ulikuwa umekazwa kwa bidii, kama wa mtu anayepiga pasi kola.

"Wewe! Unafanya nini saa hizi?"

"Nafuta, Mama."

"Unafuta nini?"

"Hii namba yako."

Namba yenyewe ilikuwa imebaki nusu. Ilikuwa ya chaki nyeupe, moja juu ya moja, na alama ya vema pembeni. Kila mlango wa mtaa ule ulikuwa na ya kwake. Ndivyo wahamasishaji wa chanjo kama yeye walivyofundishwa kufanya kazi: namba ya juu ni wasichana wa miaka tisa hadi kumi na nne waliomo ndani, ya chini ni waliokwisha kuchanjwa au waliosainiwa fomu na wazazi wao. Namba zikilingana, unaweka vema, unakwenda nyumba ya pili. Msimamizi akipita baadaye na pikipiki yake hana haja ya kubisha hodi. Anasoma milango tu.

"Nani kakutuma uifute?"

"Hakuna. Ila leo wanakuja shule." Kidoti hakuinua macho. "Mwalimu wa afya kanichagua. Nisimame kando ya kiti, niwashike mkono wale wadogo, niwaambie haiumi."

"Kwa nini wewe?"

"Si ndiye mimi niliyechanjwa?" Akasema bila kejeli, na hilo ndilo lililomchoma mama yake. "Wananiuliza kila siku. Iliuma? Nikawaambia inauma kama siafu. Mmoja akauliza, siafu mmoja au wengi? Nikasema mmoja. Sasa wote wanasema siafu mmoja. Hata mwalimu anasema siafu mmoja."

Kicheko kikampanda Mama Chanjo, kikakatika. Binti yake alikuwa hajachanjwa. Hakuwahi kuguswa na sindano ile hata siku moja, na watu waliolijua hilo walikuwa wanne tu duniani, ukimwacha baba yake, ambaye alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu na alijua zaidi habari za mizani za barabarani kuliko za nyumbani kwake.

"Nipe hicho kitambaa," akasema.

Kidoti akampa. Mama Chanjo akakausha mbao kwa pindo la shuka, akaingia ndani, akatoa kipande cha chaki kwenye mfuko wa kizibao chake cha kazi, akarudi. Mkono wake ukaandika tena, moja juu ya moja, na vema. Alijiona akiandika. Angeweza kuuzuia, lakini hakuuzuia.

"Ingia ndani," akasema. "Kuna umande."

*

Haikuanza kwa nia mbaya. Mwaka jana chanjo ilitolewa kituo cha afya, kila mzazi na siku yake, na Mama Chanjo, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa masomo ya jioni tu, alimwandaa binti yake kwenda. Mama mkwe akasema hapana. Mume, kwa simu, huku lori likinguruma nyuma yake, akasema, "Malizaneni na mama huko huko, mimi niko barabarani." Basi yakamalizika kwa namna yalivyozoea kumalizika katika nyumba ile. Bibi alimshika mjukuu wake mkono, akaenda naye kumtembelea ndugu, wakarudi baada ya siku nne.

Mwaka huu Mama Chanjo akapata kazi ya uhamasishaji. Alikuwa na cheti chake cha masomo ya jioni, alikuwa na sauti ya upole, alijua kueleza jambo gumu mpaka likaeleweka. Siku ya kwanza msimamizi aliwapa vizibao, madaftari na chaki, akasema, "Anzeni na milango yenu wenyewe. Sitaki mhamasishaji anayekwenda kwa jirani na kwake kuna deni." Mama Chanjo akasimama mbele ya mlango wa mama mkwe wake na chaki mkononi. Akajiambia wiki hii hii nitamaliza, nitaongea naye, atakubali. Akaandika moja juu ya moja. Akaweka vema. Ilikuwa kama mtu anayejaza tarehe ya kesho kwenye barua.

Kisha akaenda kwa fundi viatu.

Fundi viatu alikuwa na kibanda kwenye kona na binti wa miaka kumi aliyemlea peke yake. Alimsikiliza mwanzo hadi mwisho huku akivuta uzi wenye nta. Mama Chanjo alimweleza yote: kwamba kuna kirusi kinachopita kati ya mume na mke bila kupiga hodi, kwamba kwa wengi kinaondoka chenyewe, ila kwa wachache kinakaa kimya miaka kumi, ishirini, mpaka siku kinapokuwa saratani ya mlango wa kizazi, kwamba chanjo inafanya kazi vizuri zaidi mtoto akiipata mapema, kabla hajakutana nacho, ndiyo maana wanachanjwa wakiwa wadogo, wala si kwa sababu kuna mtu anayewadhania vibaya.

"Dada yangu," fundi akasema, "mimi siogopi sindano. Nashinda nayo." Akainyanyua ya kwake ya kushonea, ndefu kama kidole. "Ninachoogopa ni maneno mazuri. Aliyekuja kuniuzia soli za mpira naye alikuwa na maneno mazuri, na sasa wateja wangu wakitembea wanalia kama bata. Tuache ya vitabuni. Wako?"

"Wangu nini?"

"Binti yako. Huyo mwenye doa. Amechanjwa?"

Angeweza kusema bado. Lilikuwa neno jepesi, silabi mbili. Lakini alivaa kizibao, na mlango wake tayari ulikuwa umeshasema.

"Wangu? Wangu alikuwa wa kwanza kabisa, kaka yangu. Mwaka jana, pale kituoni."

Fundi akamtazama. Akaweka kiatu chini, akafuta mikono kwenye aproni ya ngozi, akatia saini.

Kuanzia hapo uongo ukawa unamtangulia. Akifika nyumba ya tano, anakuta wameshausikia. "Tumeambiwa wako ndiye aliyeanza," mwanamke anayeuza mkaa alimwambia, hata kabla hajaketi. "Basi lete fomu, mwenzangu. Kama ulianza na wa tumboni mwako, mimi ni nani wa kukubishia." Nyumba baada ya nyumba. Ilikuwa sababu yenye nguvu kuliko zote alizofundishwa, na haikuwemo kwenye kitabu.

Mama mkwe aliigundua alama siku ya tatu.

"Nani kanichorea mlango?"

"Mimi, Mama. Ni ya kazi."

"Maana yake?"

Akamweleza. Bibi akasimama pale na fimbo yake, akasoma ile namba polepole, midomo ikitembea. Kisha akacheka, kicheko kidogo, cha puani.

"Kwa hiyo mjukuu wangu amechanjwa."

"Nitaifuta, Mama."

"Usiifute. Imependeza." Akaigusa kwa kidole, kwa uangalifu, asiiharibu. "Ukiifuta, watu wataniuliza kwa nini imefutwa, na mimi sijui kusema uongo. Iache. Wewe una yako, mimi nina yangu. Mimi sisemi kitu, na mtoto haguswi. Si tumeelewana?"

Ndivyo alivyofungwa, kwa kamba aliyoisuka mwenyewe. Alifikiria kumpeleka Kidoti kituoni kimyakimya, lakini binti alilala kitanda kimoja na bibi yake, bibi aliyemwosha, aliyemsuka, aliyeujua mwili ule kuliko kiganja chake. Mkono ukivimba kidogo tu angeuona. Alifikiria kumpeleka shule ya ng'ambo ya barabara, kwa mhamasishaji mwenzake, na mwenzake alikubali kabisa, halafu juzi akapiga simu: "Shoga, wanasoma majina kwenye rejesta ya shule. Wa nje hawapokelewi. Nisamehe." Alifikiria kungoja. Lakini Kidoti alikuwa anatimiza miaka kumi na mitano mwezi ujao, na orodha iliishia kumi na minne. Timu ingefika shuleni leo, ingefunga maboksi yake mchana, ingeondoka, na baada ya hapo hakuna orodha ambayo ingemjua tena.

Angesema ukweli, basi? Aliwaza hilo kila usiku. Na kila usiku akayaona yale majina daftarini, saini moja moja, ya fundi, ya muuza mkaa, ya yule dada wa saluni aliyekataa mara mbili. Ukweli ungewatoa watoto wao kwenye mstari kama uzi unavyofumuka.

*

Asubuhi mama mkwe alikunywa chai yake mezani akiwa ameshavaa gauni lake la kutokea.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, msomi wetu. Leo ndiyo siku yenu?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nakuja."

Mama Chanjo akashika kikombe kwa mikono miwili.

"Usishtuke. Nitakaa tu, nitulie. Ila nikimwona mjukuu wangu kakalia kile kiti chenu, nitasimama. Sitapiga kelele, sina nguvu hiyo. Nitawauliza hao wenzako swali moja tu: jamani, mtoto anachanjwa mara ngapi?"

"Mama, hii sindano haina—"

"Unadhani nakuchukia?" Bibi akaweka kikombe chini. Sauti ilikuwa imeshuka, na ilipokuwa chini hivyo ilikuwa nzito zaidi. "Wifi yako mkubwa alidungwa shuleni akiwa na miaka kumi na mmoja. Mimi ndiye niliyemvalisha sare asubuhi ile, nikamfunga na kamba za viatu. Miaka kumi na mitano ya ndoa, hata mimba ya kuharibika hakuipata. Wakamrudisha na sanduku lake. Ulikuwepo. Ulimwona akishuka kwenye gari."

"Nilimwona, Mama."

"Basi."

Kwenye nyumba za watu angelijibu hilo bila kumeza mate. Angesema ile ilikuwa sindano nyingine, ya ugonjwa mwingine, na kwamba utasa una sababu zake nyingi, nyingine ziko kwa mume. Lakini mezani pale, mbele ya mwanamke aliyefunga zile kamba za viatu, maneno yote yalikuwa kama ya kukariri.

"Na wewe mwenyewe," bibi akaongeza akinyanyuka, uchungu wake umesharudi kuwa mzaha, "hukudungwa kitu, tukakupokea hapa na mimba na sare ya shule. Huyu akishaambiwa ana kinga, si ndiyo atafungua milango yote?"

Sasa Mama, ni lipi? Atakuwa tasa au atazaa mapema? Swali lilimfika kwenye ulimi. Akalimeza pamoja na chai.

*

Darasa la nne lilikuwa limesogezewa madawati ukutani. Katikati kulikuwa na meza, kiti kimoja, boksi la baridi la bluu, pamba, na lile kopo la njano la kutupia sindano. Muuguzi alikuwa mgeni, mwanamke mnene mwenye miwani, aliyehamishiwa kituoni miezi miwili iliyopita. Alifanya kazi kwa kufuata orodha ya mwalimu, kalamu imechomekwa kwenye nywele.

"Moja tu mkononi, mwanangu, kisha kaa kwenye benchi robo saa nikuone. Usinitoroke. Haya, anayefuata. Na wazazi mnaosukuma mlango, boksi hili nikilifunga saa nane nimelifunga, sifungui hata kwa mjomba wangu."

Wazazi wakacheka. Walikuwa wamejaa barazani na madirishani. Mama mkwe alipewa kiti cha mwalimu, karibu na mlango, kwa heshima ya umri wake. Akakaa, mikono juu ya fimbo, akatabasamu kwa kila aliyemwamkia.

Kidoti alisimama kando ya kiti cha sindano. Mama yake, aliyekuwa akipanga fomu na kuwaita watoto kwa majina, alijaribu kutomtazama na hakuweza. Binti alikuwa akitoa mkono, mtoto anaushika, anafumba macho, imekwisha. Akitoa mkono, imekwisha. Hakusema neno. Wadogo hawakuhitaji neno, walijua tayari, na kila aliyenyanyuka alisema kwa mshangao, "Kweli, siafu mmoja!" na kila aliposema hivyo Kidoti alimeza mate.

Kisha ikafika zamu ya binti wa fundi viatu.

Yule mtoto alifika kwenye kiti, akakataa kukaa. Baba yake akaja kutoka dirishani, harufu ya gundi mbele yake.

"Kaa, mama yangu. Kaa. Mbona jana ulikuwa shujaa?" Mtoto akatikisa kichwa. Fundi akamgeukia Kidoti. "Haya, dada mtu, wewe umepita njia hii. Mwambie mwenzio ilikuwaje."

Kidoti akafungua mdomo. Mama yake akaona jinsi doa lile lilivyotetemeka, akaona namna binti alivyokuwa akiyatafuta yale maneno ya uongo wa mama yake, akiyabeba kama ndoo iliyomzidi kimo. Hapo Mama Chanjo akajua jambo moja, kwa uhakika wa mwili, si wa daftari: saa nane boksi litafungwa, na huyu mtoto atakuwa amewashika mikono wote, na wa kwake haujashikwa na mtu.

Akavuta fomu tupu kwenye faili. Akaandika jina, umri, darasa. Akatia saini. Akaiweka mezani mbele ya muuguzi.

"Huyu pia," akasema.

Muuguzi akasoma, akashusha miwani, akafunua orodha. "Huyu ana vema kwangu. Ameshachanjwa. Aliyechanjwa harudii, dada, sindano ni moja."

"Hajachanjwa."

"Nani alisema amechanjwa?"

"Mimi." Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Mimi ndiye niliyesema. Nilidanganya."

Halafu muuza mkaa, pale dirishani, akapiga kofi kwenye paja. "Kumbe! Kumbe wa kwao wanawaficha, wanatujaribishia wa kwetu!" Sauti zikapanda nyuma yake. Mtu akamwita binti yake kutoka kwenye mstari. Mtu mwingine akasema, tulijua, tulijua kuna kitu. Fundi viatu alimshika mtoto wake mkono, akamrudisha nyuma hatua mbili.

"Ulinitazama usoni," akasema.

"Nilikutazama, kaka."

"Ukaniambia wako alikuwa wa kwanza."

"Nilikwambia." Akabana mikono kwenye meza. "Nilichokwambia kuhusu chanjo ni kweli, kila neno, nitakirudia hata nikivuliwa hiki kizibao leo. Nilichokwambia kuhusu nyumbani kwangu ndicho uongo. Sikumficha mtoto sindano. Nilitaka achanjwe tangu mwaka jana nikashindwa kusema hivyo ndani ya nyumba ninamolala, nikaona rahisi kuandika mlangoni kuliko kusema mezani."

"Ulimwogopa nani?"

Kiti cha mwalimu kililia pale mlangoni, na mama mkwe akasimama.

Akaja polepole, fimbo ikigonga sakafu, watu wakimpisha. Lile swali lake moja alilokuja nalo lilikuwa limeshajibiwa kabla hajaliuliza, na Mama Chanjo akaona, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mitano, mwanamke yule akiwa hana cha kumtishia.

"Aliniogopa mimi," bibi akasema. "Naam. Na nilimkataza, na namkataza. Nina binti asiye na mtoto. Aliyedungwa darasani kama hapa."

Muuguzi akaweka kalamu chini. Hakucheka, hakuharakisha. "Pole, mama yangu. Alidungwa mwaka gani?"

Bibi akautaja.

"Hii ilikuwa haijafika huku, mama. Hiyo ilikuwa nyingine. Na hii haiharibu kizazi. Inakilinda, ili kisije kikatolewa kwa ugonjwa. Mimi nimemdunga binti yangu kwa mkono huu."

"Hata huyu alisema wa kwake alikuwa wa kwanza," bibi akajibu, akimwelekeza mkwewe kwa kidevu, na barazani wengine wakaguna, maana hapo alikuwa na haki.

Fundi akatazama sakafu. Mama Chanjo akasikia uzito wa chumba kizima ukimkalia begani: alikuwa amesema ukweli, na ukweli haukuwa umefungua chochote. Mlango ulikuwa pale pale, na waliojifungia ndani walikuwa wameongezeka tu.

"Kwani mnabishana nini?" mama mkwe akasema, akihema kidogo. Akasogea mpaka kando ya kiti, akamshika mjukuu wake bega, kwa upole mwingi, kama alivyomshika miaka yote. "Muulizeni mwenyewe. Mtoto huyu analala kitandani kwangu. Akikohoa mimi ndiye ninayeamka. Ananiambia asiyomwambia mama yake. Haya, mjukuu wangu. Usiogope mtu hapa. Waambie."

Madirisha yakajaa nyuso. Binti wa fundi akachungulia nyuma ya aproni ya baba yake. Kidoti akamtazama bibi yake, kisha akageuza macho kumtafuta mama.

Mama Chanjo alitaka kumpa jibu kwa macho, lilikuwa limejaa tayari, linamwagika. Akayainamisha. Akatazama fomu, mbao za meza, vidole vyake vyenye vumbi jeupe, asije akamtia tena maneno kinywani.

Kidoti akaushika ule mkono wa kizee uliokuwa begani mwake, akaubana kwenye kiganja chake.

"Bibi, mimi nataka kuchanjwa."